Kelele, mshiko na thamani: namna ya kulipima tairi kabla hujalilipia

Ukitoka kufunga matairi mapya manne, kilomita kumi za kwanza gari huwa kama si lako. Ule mvumo uliouzoea umekatika, usukani umelainika, na mkono unakwenda wenyewe kupunguza sauti ya redio. Ukifika nyumbani umeshaamini kwamba umepata tairi la maana. Nami niliwahi kulisifu tairi hivyo, tena kwa watu watatu wanaoniamini. Baada ya miezi 18 tairi lile lile lilikuwa linavuma kiasi kwamba niliingia gereji kuomba nibadilishiwe beringi ya gurudumu la nyuma.

Fundi hakuigusa beringi. Aliinua gari, akaniambia nipitishe kiganja juu ya uso wa tairi, kutoka mbele kwenda nyuma. Laini. Halafu nirudishe mkono, kutoka nyuma kuja mbele. Kila kipande cha mpira kilinikwaruza vidole kama meno ya msumeno. Mvumo wote ulikuwa pale.

Kosa langu halikuwa kununua tairi baya tu. Nililipima vibaya tangu mwanzo: nililinganisha tairi jipya na kuukuu lililotoka, na karibu kila tairi jipya litalishinda kuukuu kwa ukimya. Ulinganisho wa kweli ni kati ya jipya na jipya, kisha kati ya namna yatakavyokuwa yakishafika nusu ya umri wake. Huo ni mgumu zaidi, kwa sababu dukani hakuna anayekupa nafasi ya kuyaendesha yote.

Kuna jambo jingine linalotupotosha. Kelele tunaisikia kila siku na bei tunaiona siku ya kununua, lakini mshiko, yaani namna tairi linavyoing'ang'ania barabara, hauonekani wala hausikiki mpaka jioni ya mvua, mtoto anapokimbilia mpira wake barabarani. Ndiyo maana wengi wetu tunanunua kwa sikio na kwa mfuko. Mimi sasa nafuata mpangilio huu: mshiko kwenye maji kwanza, gharama kwa kilomita pili, na kelele ije mwisho, ya kuamua kati ya matairi ambayo yamekwisha kufaulu hayo mawili.

Viganja vinne

Sehemu ya tairi inayogusa barabara kwa wakati wowote ni kama ukubwa wa kiganja cha mtu mzima. Viganja vinne vya mpira ndivyo vinavyobeba gari la kilo 1,400, vinalipitisha kwenye kona na kulisimamisha.

Mpira unaishika lami kwa njia mbili. Kwanza hunata: uso wa mpira hugandana na uso wa barabara kwa kitambo kidogo mno, kisha huachia. Pili hubonyea. Lami ina vijiwe vingi vidogo, na mpira hubonyea ukivifuata. Kwa kuwa haurudi papo hapo kwenye umbo lake, sehemu ya nishati hupotea kama joto, na upotevu huo ndio unaozuia tairi kuteleza. Maji yakiingia katikati, kunata hupungua sana, na kazi kubwa hubaki kwa ile njia ya pili.

Hapo ndipo ugomvi unapoanzia. Tabia hiyo hiyo ya mpira kupoteza nishati, ukiwa nayo muda wote wa safari, hulifanya gari linywe mafuta zaidi. Na mpira laini unaoshika vizuri kwa kawaida huisha mapema. Watengenezaji wa matairi huchora pembetatu: mshiko kwenye maji, wepesi wa kubingirika, na uwezo wa kudumu. Ukivuta kona moja, nyingine mbili zinasogea ndani. Duka linalokuambia tairi moja ni bora kwa yote matatu na pia ni la bei ya chini kuliko mengine, limeacha kukwambia jambo fulani.

Kwa miongo mingi kilichochanganywa kwenye mpira ili uwe imara kilikuwa masizi laini ya kaboni, na ndiyo yanayolifanya tairi liwe jeusi. Mwaka 1992 Michelin ilileta sokoni tairi ambalo sehemu kubwa ya masizi hayo imebadilishwa kwa silika, yaani unga laini wa madini yale yale ya mchanga. Faida yake ni hii. Tairi la gari dogo likienda kilomita 80 kwa saa huzunguka kama mara 11 kwa sekunde, na kila eneo la uso wake hubonyea na kunyooka mara moja kwa kila mzunguko. Huo ni mtikisiko wa polepole. Lakini linapokaribia kuteleza, vijiwe vya lami huutikisa mpira maelfu ya mara kwa sekunde. Mpira wenye silika iliyoungana nao vizuri hupoteza nishati kidogo kwenye mtikisiko wa polepole na nyingi kwenye ule wa kasi. Kwa maneno mengine, hauli mafuta sana njiani, lakini unashika breki inapokanyagwa. Pembetatu haikuvunjika, ila ilitanuka.

Silika haionekani kwa macho. Matairi mawili yanaweza kuwa na michoro inayofanana kama mapacha, moja likasimamisha gari na jingine likaendelea kuteleza, kwa sababu ya kilichochanganywa ndani na uangalifu wa kukichanganya. Anayechagua tairi kwa kuangalia mchoro tu anachagua kitabu kwa jalada.

Nikuonyeshe uzito wa jambo hili kwa hesabu unayoweza kuirudia mwenyewe. Magari mawili yanayofanana yanakwenda kilomita 80 kwa saa kwenye lami iliyolowa, na madereva wanakanyaga breki pamoja. La kwanza linapunguza mwendo kwa mita 8 kwa sekunde katika kila sekunde, la pili kwa mita 6.5. Pengo hilo si la kutunga: lebo ya matairi ya Umoja wa Ulaya inaruhusu pengo kubwa kuliko hilo kati ya daraja la juu na la chini la mshiko. Gari la kwanza linasimama baada ya mita 31. La pili linahitaji mita 38. Mita saba, urefu wa gari moja na nusu. Lakini swali la maana ni jingine: pale gari la kwanza liliposimama, la pili linapita likiwa na mwendo gani? Jibu ni kilomita 35 hivi kwa saa. Hiyo ni kasi ya kuvunja miguu ya mtu.

Mimi nilipoifanya hesabu hiyo mara ya kwanza niliirudia mara tatu nikidhani nimekosea.

Maji yenyewe nayo yanataka nafasi ya kupita. Chukua tairi la upana wa milimita 205 linalopita kwenye maji ya kina cha milimita 3, mwendo ule ule wa kilomita 80. Kila sekunde linakutana na karibu lita 14 za maji, zaidi ya nusu ya ndoo ya lita 20, na linapaswa kuyasukuma pembeni au kuyapitisha kwenye mifereji yake. Tairi jipya la gari dogo huwa na mifereji ya kina cha milimita 8 hivi. Kikomo cha kisheria katika Umoja wa Ulaya na nchi nyingi nyingine ni milimita 1.6, na ndani ya mifereji kuna vinundu vidogo vinavyokuonyesha umefika hapo: uso wa tairi ukilingana navyo, limekwisha. Kwangu mimi milimita 1.6 ni kuchelewa. Tairi lenye milimita 2 linaweza kushika vizuri sana kwenye lami kavu, likakudanganya miezi mingi, kisha likaelea juu ya maji kwenye mvua kubwa ya kwanza. Mimi nabadilisha yakifika milimita 3.

Upepo uliojazwa ndani ya tairi nao una neno hapa. Watafiti wa NASA waliochunguza magurudumu ya ndege yanayotua kwenye njia zenye maji waligundua kwamba mwendo wa kuanza kuelea hupanda kwa mzizi wa mraba wa presha. Presha ikishuka, tairi huelea mapema. Tairi bora lenye upepo pungufu linaweza kushindwa na la kawaida lililojazwa sawasawa, na kujaza upepo ni jambo la dakika tano.

Kelele inatoka wapi

Vile vipande vya mpira vinavyokanyaga chini, kashata kwa lugha ya mafundi, vinapiga lami mamia ya mara kwa sekunde. Hicho ni chanzo kimoja. Cha pili ni hewa: kashata inapokanyaga, hewa iliyo ndani ya mifereji hubanwa na kutoka kwa nguvu, na inapoinuka hufyonzwa tena. Halafu pale tairi linapokutana na barabara kuna nafasi yenye umbo la kabari, nyembamba ndani, pana nje, na nafasi hiyo huikuza sauti kama mdomo wa tarumbeta. Sehemu kubwa ya kelele hii hukusanyika karibu na mitetemo 1,000 kwa sekunde, mahali ambapo sikio la binadamu husikia vizuri sana.

Chanzo cha mwisho kiko ndani ya tairi. Hewa iliyofungiwa mle ina mlio wake, kwa kawaida kati ya mitetemo 200 na 250 kwa sekunde. Ndio ule mlio mfupi wa "tung" unaousikia gari likivuka kiungo cha daraja. Baadhi ya matairi hubandikwa sponji kwa ndani ili kuumeza mlio huo, na yanafanya hivyo kweli, ila hayapunguzi kelele za kashata. Ukiambiwa tairi la sponji litanyamazisha kila kitu, ujue umeambiwa nusu.

Sasa chukua rula uende kwenye gari lako. Pima urefu wa kashata moja kwa kufuata mzunguko wa tairi, kisha inayofuata, kisha nyingine. Utakuta hazilingani. Zingelingana, kila moja ingepiga chini kwa muda ule ule na tairi lingelia noti moja tu kama king'ora. Wachoraji huzipa urefu tofauti na kuzipanga kwa mfuatano usio na mpigo wa kawaida, ili nguvu ile ile ya sauti itawanyike katika noti nyingi na isikike kama mvumo hafifu. Usione vyaelea, vimeundwa. Kazi hii hufanywa kwa uangalifu tofauti na kampuni tofauti, na ni moja ya sababu zinazofanya matairi mawili yenye desibeli sawa yasisumbue sikio kwa kiasi sawa.

Tukubaliane pia kuhusu desibeli. Kipimo hiki hakihesabiki kama kilo. Ongezeko la desibeli 3 lina maana ya nishati ya sauti iliyoongezeka maradufu, kwa hiyo tofauti kati ya 69 na 72 si ndogo kama inavyoonekana kwenye karatasi. Lakini namba iliyo kwenye lebo ya tairi haikupimwa ndani ya gari. Vipaza sauti huwekwa kando ya njia ya majaribio, mita 7.5 kutoka mstari wa kati, gari likapita injini ikiwa imezimwa, na matokeo hutolewa kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, kwenye lami laini ya vipimo maalumu. Namba hiyo inamhusu anayeishi kando ya barabara. Nayo ni haki yake, na napenda tairi lenye namba ndogo kwa ajili yake. Ila wewe uliye ndani unasikia pia kinachopita kwenye bushi, sakafu na milango. Tairi la desibeli 70 linaweza kuwa na mvumo ndani ya gari moja na kutulia ndani ya jingine.

Na barabara yenyewe? Lami ya kokoto kubwa inaweza kuongeza kelele kuliko kiasi unachopunguza kwa kubadilisha tairi la kelele kwa la kimya. Mtu anayelalamikia matairi yake kila akipita kipande fulani cha njia, na kuyasahau akifika kipande kingine, analalamikia lami.

Tairi pana kwa kawaida lina kelele zaidi kuliko jembamba la aina ile ile. Tairi la matope, lenye kashata kubwa na nafasi kubwa kati yake, litavuma kwenye lami hata litengenezwe na nani. Huo ndio ujira wa kupita matopeni.

Nirudi kwenye msumeno wangu. Kashata huchakaa upande mmoja kuliko mwingine pale gari linapohitaji alaimenti, yaani kunyooshwa magurudumu, presha inapokuwa pungufu, shokapu zinapochoka, au matairi yanapokaa nafasi moja muda mrefu mno. Hutokea sana kwenye magurudumu yasiyosukumwa na injini, kama yale ya nyuma kwenye gari linalovutwa na mbele. Ukitaka kujua kama ni tairi au beringi, sikiliza mambo mawili. Kelele ikibadilika lami inapobadilika, elekea kwenye tairi. Ikibadilika unapoyumbisha gari taratibu kulia na kushoto kwenye njia iliyo wazi, elekea kwenye beringi. Na ukibadilishana matairi ya mbele na ya nyuma kisha kelele ikahama nayo, umeshapata jibu bila kununua kipuri chochote. Ningelijua hilo mapema nisingeenda gereji na hukumu mkononi.

Lebo inasema nini, na inanyamazia nini

Umoja wa Ulaya ulianza kulazimisha lebo kwenye matairi mapya Novemba 2012, kisha ukaifanyia marekebisho kuanzia Mei 1, 2021. Sasa kuna madaraja ya A hadi E, A ikiwa bora, ya matumizi ya mafuta na ya mshiko kwenye maji, kelele ya nje kwa desibeli pamoja na daraja la A, B au C, na alama za theluji na barafu kwa matairi yanayohusika. Kuna pia msimbo wa kuskani kwa simu unaokupeleka kwenye taarifa za tairi hilo. Hata kama unaishi mbali na Ulaya, tairi likiuzwa huko kwa jina na saizi ile ile, unaweza kuitafuta lebo yake mtandaoni. Mshiko hupimwa dhidi ya tairi maalumu la kulinganishia, kwa hiyo herufi hizo zina uzito.

Ila zimetoka kwenye tairi jipya. Hazisemi tairi litashika vipi likibaki na milimita 3, hazigusi kona, wala hazisemi litadumu kilomita ngapi. Hilo la kudumu Wamarekani walilijaribu kwa njia yao: ubavuni mwa matairi ya gari dogo huandikwa namba ya uchakavu, herufi ya mshiko kuanzia AA hadi C, na herufi ya kuhimili joto kuanzia A hadi C. Tairi la namba 400 linadaiwa kudumu mara nne ya tairi la kulinganishia lenye 100. Tatizo ni kwamba kampuni hujipangia namba zenyewe kutokana na majaribio yao. Ndani ya kampuni moja, 500 dhidi ya 300 inakuambia jambo la maana. Kati ya kampuni mbili, mimi siipi uzito mkubwa. Nayo ile herufi ya mshiko hutoka kwenye breki za mstari ulionyooka juu ya lami na zege vilivyolowa, kona haimo.

Kwa hiyo baada ya lebo natafuta majaribio ya watu wasiouza matairi, kama ADAC, chama cha wenye magari cha Ujerumani, au Consumer Reports, shirika la wanunuzi la Marekani. Wao hufunga matairi mengi kwenye gari la aina moja na kuyapitisha kwenye maji, lami kavu na kona. Ninayasoma kwa tahadhari mbili. Kwanza saizi: tairi la jina moja linaweza kushinda kwenye rimu ya inchi 16 na kuwa la kawaida kwenye inchi 18. Kuna hata matairi yenye jina moja na saizi moja yaliyotengenezwa kwa ajili ya gari la kampuni fulani, yakapewa alama yao: nyota kwa BMW, MO kwa Mercedes, AO kwa Audi. Hayo si sawa kabisa na yale ya rafuni. Pili, sishughuliki na nani amekuwa wa kwanza na nani wa tatu. Tofauti ya nusu mita ya breki haina maana kwangu. Ninachotafuta ni tairi lisilo na aibu popote, hasa kwenye maji. Tairi lililopata alama nzuri kwa jumla huku limeanguka vibaya kwenye breki za maji nalipita, hata liwe la kimya namna gani.

Hesabu ya thamani

Bei ya dukani ni mwanzo tu wa hesabu. Tuseme tairi moja linauzwa 100 kwa fedha yoyote ile na litadumu kilomita 50,000. Jingine ni 70 na litadumu 30,000. Ufundi na balansi ni 10 kwa kila tairi. La kwanza linakugharimu 2.2 kwa kila kilomita elfu, la pili karibu 2.7. Lile la bei ndogo limekuwa ghali, na utarudi kupanga foleni ya gereji mapema.

Kisha kuna mafuta, ambayo watu wengi hawayaingizi. Ukinzani wa kubingirika hupimwa kwa kilo za nguvu kwa kila tani ya gari. Daraja la B kwenye lebo ya Ulaya liko kati ya 6.6 na 7.7, la D kati ya 9.1 na 10.5. Weka pengo la 3 kwenye gari la kilo 1,400: ni kilo 4.2 za nguvu, kama kufunga kamba kwenye gari na mtu akawa anavuta nyuma kwa uzito wa matofali mawili, safari nzima. Injini ikigeuza robo ya nishati ya petroli kuwa mwendo, mvuto huo unakula karibu nusu lita kwa kila kilomita 100. Haba na haba hujaza kibaba: baada ya kilomita 40,000 ni takriban lita 200. Zidisha kwa bei ya petroli unayolipa, uone kama lile punguzo la dukani bado lipo.

Lakini hesabu hii ina kinyume chake, na hapa natofautiana na wanaosema nunua ghali siku zote. Anayeendesha kilomita 5,000 kwa mwaka hatalimaliza tairi la kilomita 50,000. Mpira utazeeka kabla haujaisha: hukauka, huwa mgumu, na mshiko kwenye maji hupungua hata kashata zikiwa ndefu. Mtu huyu asilipie maisha marefu. Alipie daraja la A la mshiko, achukue tairi jipya kweli, na akubali litaisha mapema.

Upya wake unausoma ubavuni, kwenye tarakimu nne za mwisho za msimbo unaoanza na DOT. 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Wakati mwingine msimbo kamili uko upande wa ndani tu, kwa hiyo angalia kabla halijafungwa. Watengenezaji wengi hushauri tairi likaguliwe kila mwaka baada ya miaka 5 ya matumizi, na litolewe likifika miaka 10 hata kama linaonekana zima, pamoja na la spea.

Maandishi makubwa yaliyobaki ni mepesi. 205/55 R16 91V: upana milimita 205, ubavu asilimia 55 ya upana huo, muundo wa radiali, rimu ya inchi 16, uwezo wa kubeba kilo 615 kwa tairi (ndiyo ile 91), mwendo usiozidi kilomita 240 kwa saa (ndiyo ile V). Usishuke chini ya namba ya uzito iliyoandikwa na mtengenezaji wa gari, hata tairi likikupendeza kwa mengine yote.

Na ukiwa na fedha za matairi mawili tu, yafunge nyuma. Wengi hushangaa, kwa kuwa ya mbele ndiyo yanayokata kona na kubeba sehemu kubwa ya breki. Lakini mbele ikiteleza kwenye maji, gari hukataa kukata kona na dereva akiachia mafuta mara nyingi hulirudisha. Nyuma ikiteleza, gari hugeuka kama mlango, na madereva wachache sana huwahi kulirekebisha.

Siku hizi nina daftari dogo kwenye kisanduku cha gari. Kila kilomita 8,000 nabadilishana nafasi za matairi, napima kina cha mifereji mahali patatu kwa kila tairi, kisha napitisha kiganja huku na huku kama yule fundi alivyonifundisha. Mara ya mwisho tairi la nyuma kulia lilisoma milimita 5.6 katikati na 4.9 kwenye bega la ndani, na vidole vilihisi ukwaruzo hafifu, bado kabla sikio halijasikia chochote. Nimeshapanga siku ya alaimenti.